Wanaowasumbua kwa simu ndio soko lenu

Swali: "Mimi na wenzangu wawili tumetengeneza programu ya kupanga miadi kwa biashara ndogo. Tumeandikisha saluni, gereji, walimu wa masomo ya ziada na kliniki chache za meno. Waliojisajili wamefika 1,400, ila wanaoifungua angalau mara moja kwa wiki hawazidi 150. Wengi hutuambia ni nzuri, kisha wanapotea. Kliniki za meno ndizo zinazotuchosha: mfumo ukikwama dakika kumi tu, simu haziishi. Mwenzangu mmoja anataka tuajiri watu wa mauzo, mwingine anataka tuongeze malipo ya mtandaoni na zawadi kwa wateja wa mara kwa mara ili saluni zirudi. Kuna mwekezaji aliye tayari kutupa fedha tukimwonyesha ukuaji. Nitajuaje kama bidhaa yetu imelingana na soko, na tuanzie wapi?"

Ndugu yangu, sentensi iliyonirudisha kwenye barua yako mara ya pili ni ile ya kliniki za meno. Umeiandika kama kero, lakini mimi naiona kuwa ndiyo habari njema kuliko zote ulizonipa. Mtu hapigi simu kugombania kitu asichokihitaji. Hukiacha kimya kimya, kama walivyofanya wenye saluni waliowasifu. Basi nianze na jibu lenyewe: kwa biashara ndogo kwa jumla, bidhaa yenu bado haijalingana na soko. Kwa kliniki za meno huenda imelingana, au iko karibu. Kazi yenu ya miezi ijayo ni kulithibitisha hilo moja. Kabla ya hapo msiajiri watu wa mauzo, msijenge mfumo wa zawadi, wala msimwahidi mtu ukuaji.

Mwaka 2007 Marc Andreessen, mmoja wa waanzilishi wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha mtandao, aliyegeukia uwekezaji, aliandika kwamba jambo kuu kwa kampuni changa ni kuwa katika soko zuri na bidhaa inayoweza kulitosheleza soko hilo. Huko ndiko bidhaa kulingana na soko. Wazo lenyewe alisema amelipata kwa Andy Rachleff, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Benchmark. Kiini cha hoja yao ni kwamba kati ya timu, bidhaa na soko, soko ndilo lenye nguvu. Timu hodari yenye bidhaa safi ikiingia kwenye soko lisilo na haja hushindwa. Timu ya kawaida yenye bidhaa iliyojaa kasoro ikikutana na watu wenye haja kubwa huvumiliwa kasoro zake, kwa sababu watu hao hawana pa kwenda.

Niliongoza bidhaa kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye uwekezaji, na viti hivyo viwili hukuonyesha mambo tofauti. Kiongozi wa bidhaa anachoweza kukigusa ni bidhaa, kwa hiyo kila tatizo humjia likiwa na sura ya kipengele kilichokosekana. Watumiaji hawarudi? Tuongeze malipo. Bado hawarudi? Tuongeze arifa. Mwekezaji hawezi kuongeza chochote. Anachoweza ni kuziangalia kampuni nyingi kwa pamoja, na akifanya hivyo kwa muda huona kwamba zilizoshika na zilizozama hazitofautiani sana kwa wingi wa vipengele. Zilizoshika zilimjua mtu fulani kwa undani: anafanya kazi gani, nini humharibikia, na kikiharibika anapoteza nini. Nyinyi mmeandika "biashara ndogo". Huyo si mtu. Mwenye gereji na daktari wa meno wote wana biashara ndogo, lakini siku zao hazifanani hata kidogo.

Ile 1,400 iwekeni kando kwa sasa. Kujisajili ni udadisi, na udadisi hununuliwa kwa matangazo. Quibi, huduma ya video fupi za simu iliyoongozwa na Jeffrey Katzenberg na Meg Whitman, ilikusanya dola bilioni 1.75, ikazinduliwa Aprili 2020 ikiwa na kipindi cha majaribio ya bure cha siku 90, na Oktoba ya mwaka huo huo ikatangaza kwamba inafunga. Waliopakua hawakukosekana. Waliokosekana ni wa kutosha walioona kwamba maisha yao yamepungukiwa bila hiyo huduma.

Hata hiyo 150 siiamini bado. Kipimo lazima kifuate mwendo wa kazi yenyewe. Programu ya kukokotoa kodi ya mwaka inaweza kufunguliwa mara moja kwa mwaka na bado ikawa imeshika soko lake. Ratiba ya miadi ni kitu cha kila siku ya kazi. Mteja anayeifungua mara moja kwa wiki bado anaandika kwenye daftari lake. Nyinyi ni nakala ya pili, na nakala ya pili ndiyo ya kwanza kuachwa shughuli zikizidi. Hesabuni upya waliofungua programu siku nne au zaidi ndani ya wiki moja. Namba itashuka, na mtaumia kuiona, lakini hiyo ndiyo ya kujengea.

Kisha fungueni jedwali kwenye Excel. Kila mstari uwe rika la wateja waliojisajili mwezi mmoja, na kila safu ionyeshe asilimia ya rika hilo waliokuwa bado wanaitumia baada ya mwezi mmoja, miwili, mitatu na kuendelea. Kila rika litashuka, hilo lisiwatishe. La kuangalia ni kama kuna mahali mteremko unatulia. Rika likishuka hadi asilimia 30 kisha likabaki hapo miezi minne mfululizo, kuna watu waliofanya programu yenu sehemu ya kazi yao. Likiendelea kuteremka kila mwezi, hata polepole, mnajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka, na watu wa mauzo watakachofanya ni kuongeza kasi ya kumimina.

Sasa lifanyeni jedwali hilo upya kwa kila aina ya biashara peke yake. Hapa ndipo wastani huwaficha watu ukweli. Nitoe hesabu ya kubuni tu: tuseme kliniki za meno ni 40 na zinazobaki ni asilimia 80, yaani 32. Waliosalia ni 1,360 na wanaobaki ni asilimia 8.5, yaani kama 116. Jumla ni 148, karibu asilimia 11 ya wote. Ukiitazama asilimia 11 unaona bidhaa iliyoshindwa. Ukiitazama ile 80 unaona kampuni. Zote mbili zimo ndani ya namba uliyonipa, na sina njia ya kujua ipi ni yenu mpaka mgawanye.

Pamoja na jedwali, ulizeni swali moja ambalo Sean Ellis, aliyeshughulikia masoko ya Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ilipokuwa changa, alilifanya kuwa maarufu: "Ungejisikiaje kama usingeweza tena kuitumia bidhaa hii?" Majibu ni ningesikitika sana, ningesikitika kidogo, au nisingesikitika. Alipolinganisha kampuni nyingi aliona kwamba zile ambazo angalau asilimia 40 ya watumiaji walijibu "ningesikitika sana" ndizo zilizokua bila kuhangaika, na zilizokuwa chini ya hapo karibu daima zilitaabika.

Aliyelitumia swali hilo vizuri kuliko wote ninaowajua ni Rahul Vohra wa Superhuman, programu ya barua pepe. Mwaka 2017 walipouliza kwa mara ya kwanza walipata asilimia 22. Kikundi kingine kingekimbilia kuongeza vipengele. Yeye alianza kwa kuwachambua waliosema wangesikitika sana: ni nani hasa, wana vyeo gani, siku zao zikoje. Alipowabakiza kwenye hesabu watu wa aina hiyo tu, asilimia ilipanda hadi 33 bila mstari mmoja wa programu kubadilishwa. Ndipo akawageukia waliosema wangesikitika kidogo, akawagawa tena. Wale waliopenda kitu kile kile walichokipenda mashabiki, yaani kasi, aliwasikiliza ili ajue nini kinawazuia. Wale waliovutiwa na mambo mengine aliwaacha kwa heshima. Nusu ya kazi ya mafundi ikaenda kwenye kuzidisha kilichopendwa, nusu kwenye kuondoa vizuizi. Ndani ya robo tatu za mwaka walifika 58.

Hatua ya kuwaacha kwa heshima ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo mwenzako anayetaka zawadi za saluni anaikwepa bila kujua. Mkiziuliza saluni kwa nini ziliondoka zitawapa sababu, na sababu zinaonekana kama maelekezo ya kazi: mngekuwa na malipo, mngekuwa na zawadi. Mtu anayeondoka hutafuta maneno ya adabu ya kuondokea. Mkijenga yote aliyoyataja kuna uwezekano mkubwa asirudi, kwa sababu kilichomwondoa ni kwamba shida ya miadi kwake ni ndogo. Wateja wake wengi huingia tu mlangoni na kusubiri.

Kliniki ya meno ni jambo jingine, na hapa naomba mkae sana. Mgonjwa asipotokea, kiti kinabaki kitupu, daktari analipwa bila kufanya kazi, na saa hiyo hairudi. Matibabu mengi huchukua ziara kadhaa, kwa hiyo miadi inafungamana: ukiharibu ya pili, ya tatu na ya nne zinasogea. Anayepanga miadi ni mtu wa mapokezi na anayetibu ni daktari, hivyo wanahitaji mahali pamoja pa kuangalia. Hizo ni dhana zangu nikiwa mbali. Zinaweza kuwa za kweli, au zikawa na sababu nyingine kabisa ambayo mtaigundua mkiwa hapo mapokezi.

Na mwende kweli. Mmoja wenu akae kwenye kliniki moja siku nzima, kisha nyingine, kisha nyingine, bila kompyuta ya kuonyesha kitu. Mwangalie simu inapolia wanafungua nini kwanza. Mwangalie nini wanaandika kwenye karatasi ingawa programu ipo. Msiulize "mngependa tuongeze nini?" wala "mngetumia kitu hiki tukikitengeneza?" Watu wema watajibu ndiyo kwa yote mawili. Ulizeni yaliyokwisha kutokea: mara ya mwisho mgonjwa hakuja, ilikuwaje? Mlifanya nini? Nani alilaumiwa? Kabla yetu mlikuwa mnatumia nini, na siku ile mlipoamua kukiacha kulitokea nini? Siku mtu aliyoacha njia yake ya zamani ina habari nyingi kuliko maoni yake yote.

Msiogope kufanya kwa mikono kile ambacho baadaye kitafanywa na programu. Airbnb, huduma ya kupangisha nyumba za watu kwa wageni, ilipokuwa bado ndogo mwaka 2009, waanzilishi wake walikwenda New York na kuanza kupiga wenyewe picha nzuri za nyumba za wenyeji wao, kwa sababu waligundua kwamba picha mbaya ndizo zilizowazuia wageni. Paul Graham, aliyekuwa akiwashauri, ndiye aliyewasukuma waende kwa watumiaji wao ana kwa ana. Nanyi pia, kama kero ni wagonjwa wasiotokea, mmoja wenu awapigie wagonjwa wa kliniki tano simu za kuwakumbusha, kwa ruhusa ya kliniki, kwa wiki tatu. Mtajua kama kukumbushwa kunasaidia, saa ngapi kunasaidia, na kwa maneno gani, kabla fundi hajaandika chochote.

Jambo la bei hukulitaja, na kutotajwa kwake kunanipa wasiwasi. Kama programu ni ya bure, sehemu kubwa ya mnachokipima ni ukarimu wenu. Ziambieni kliniki bei kuanzia mwezi ujao, na mzipe nafuu zikilipa mwaka mzima kabla. Anayelipa kabla amewajibu swali la Sean Ellis kwa vitendo, si kwa maneno ya adabu. Anayesema bei ni kubwa kisha akalipa, huyo ni mteja. Anayesema bei ni nafuu sana kisha akaomba muda wa kufikiria, huyo hayumo.

Kuhusu watu wa mauzo, nashikilia kwamba nyinyi watatu ndio mnaopaswa kuuza kwanza. Mtu wa mauzo mnayemwajiri leo atakuja na malengo ya mwezi, na kwa kuwa hamjui mteja wenu ni nani, atamuuzia yeyote atakayekubali. Atawaletea hoteli moja inayotaka vyumba viwekwe kwenye ratiba, shule moja inayotaka ripoti za mahudhurio, na kila mmoja atalipa kidogo na kudai kingi. Baada ya miezi sita mafundi wenu watakuwa wanahudumia masoko manne yasiyojuana, nao mshika mbili moja humponyoka. Wakati wa kuajiri mtautambua: mtakuwa mmeziuzia kliniki kadhaa mfululizo kwa maelezo yale yale, mnajua maswali matatu yatakayoulizwa na majibu yake, na kliniki zimeanza kuwaleta wenzao bila kuombwa. Mtu wa mauzo hodari huchukua njia iliyokwisha kupatikana akaiendesha kwa kasi. Kuitafuta njia yenyewe ni kazi ya waanzilishi.

Sasa mwekezaji. Nasema haya nikiwa upande wake wa meza. Fedha zilizotolewa kwa sharti la ukuaji, kabla bidhaa haijalingana na soko, huwafunga kwenye namba isiyo sahihi. Mtanunua watu wanaojisajili ili grafu ipande, na grafu itapanda, na wale wanaobaki hawataongezeka. Mkishaajiri na kupanga ofisi, matumizi ya mwezi hayatawaruhusu kubadili mwelekeo hata mkiona mmekosea njia. Kama mnahitaji fedha ili muishi, ombeni kiasi cha kuwafikisha mwaka mmoja na nusu mkiwa nyinyi watatu na pengine fundi mmoja, na mwambieni wazi ni za kutafuta, si za kukuza. Mpeni jedwali la marika ya kliniki hata kama ni kliniki chache. Mimi mwanzilishi akinijia, kitu cha kwanza ninachoomba ni jedwali hilo, na cha pili ni ruhusa ya kuwapigia wateja watatu nitakaowachagua mwenyewe kwenye orodha yake yote. Mwekezaji anayevutiwa na 1,400 na kuipuuza 32 atawasumbua kwa miaka mingi, na mtu huyo mkiingia naye kwenye hisa si rahisi kuachana naye.

Inawezekana mkagawanya majedwali mkakuta kliniki nazo zinateremka bila kutulia. Hapo msibuni wazo jipya kutoka hewani. Tazameni kama kuna kipande kidogo cha kazi yenu ambacho watu wamekuwa wakikivuta bila nyinyi kukithamini. Waanzilishi wa Segment, kampuni ya kukusanya na kusambaza takwimu za wateja, walianza na chombo cha darasani cha kumwezesha mwanafunzi kumjulisha mhadhiri kwamba hajaelewa. Walipokijaribu, wanafunzi walifungua kompyuta zao wakaenda Facebook. Wakageukia programu ya kuchambua takwimu za tovuti, nayo haikupata watu. Ndani ya kazi hiyo walikuwa wameandika maktaba ndogo ya msimbo ya kutuma takwimu kwenda kwenye huduma kadhaa kwa wakati mmoja. Mmoja wao, Peter Reinhardt, aliona ni wazo bovu la kufanyia biashara na akakubali liwekwe kwenye Hacker News, jukwaa la mtandaoni la watengenezaji programu, mwezi Desemba 2012 akitarajia lifie hapo. Watengenezaji programu walilipokea kwa kishindo. Mwaka 2020 Twilio, kampuni ya huduma za mawasiliano kwa watengenezaji programu, iliinunua Segment kwa dola bilioni 3.2 hivi. Kwa miezi mingi kabla ya ile Desemba 2012 waanzilishi hao walikuwa na hicho kitu mkononi, wakikitazama kama kifaa cha kusaidia bidhaa halisi.

Kuna swali moja ambalo sijaligusa: mfanye nini na saluni, gereji na walimu mlionao? Msiwafukuze. Waacheni waendelee na programu ilivyo, rekebisheni inapoharibika, na waambieni ukweli kwamba kwa sasa hamtaongeza vipya kwa ajili yao. Ukurasa wenu wa mbele ubadilishwe uzungumze na kliniki za meno pekee, kwa maneno mliyoyasikia mapokezi. Mwenzako wa zawadi mpe kazi ya kukaa kwenye kliniki, yeye kwanza kabla yenu wawili, maana anayeamini saluni ndiye anayepaswa kuona kwa macho yake jinsi mtu mwenye haja anavyoitumia programu hiyo hiyo. Mwenzako wa mauzo mpe kazi ya kupeleka bei. Na kuanzia wiki hii, kila simu ya kliniki inayolalamika iandikwe: saa ngapi, nani alipiga, alikuwa anajaribu kufanya nini mfumo ulipokwama. Daftari hilo ndilo litakalowaambia kipengele gani kijengwe kwanza.